Kabla chokaa haijakauka: waya wa dishi au waya wa ithaneti?

Swali limetoka Mkomani, Lamu. Dada mmoja amerithi nyumba ya bibi yake, nyumba ya mawe yenye ghorofa tatu na kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, katikati, na anaitengeneza iwe nyumba ya wageni ya vyumba sita. Anaandika:

“Salaam aleikum, kaka. Fundi wangu wa umeme amekwisha chimba baadhi ya kuta, na wiki ijayo waashi wanaanza kuziba. Ana roli la waya wa dishi alilobakiza kwenye kazi nyingine, anasema atavuta huo huo hadi kila chumba, TV ipite humo na intaneti ipite humo. Binamu yangu wa Mombasa naye ananiambia koaksi, yaani huo waya wa dishi, imepitwa na wakati, niweke ithaneti tupu. Mgeni mmoja akaniongezea kwamba kuna vidude vya kupitisha intaneti kwenye koaksi. Tena nataka kuvusha intaneti hadi nyumba ya mjomba, ng'ambo ya kichochoro, tumeungana kwa wikio, kile chumba cha juu kinachovuka kichochoro. Nimwambie nini fundi?”

Waaleikum salaam, dada yangu. Nianze na jibu, maelezo yafuate, maana waashi hawamngoji mtu. Vuta nyaya mbili za Cat6, ndio waya wa ithaneti, za shaba halisi hadi kila chumba, zote zianzie mahali pamoja. Koaksi ivute kutoka paani hadi mahali hapo hapo, na usiipeleke chumbani ila kwa chumba utakachokiwekea king'amuzi chake chenyewe. Na waya wowote ule usizikwe mtupu ndani ya ukuta. Upite kwenye paipu. Ukibanwa na pesa, punguza waya lakini paipu usipunguze.

Binamu yako ana haki kwa sehemu kubwa, na fundi wako ana haki kwa sehemu ndogo, ila hiyo sehemu ndogo ya fundi ndiyo ambayo binamu ataijutia siku ya kufunga dishi. Wanagombana kwa sababu kila mmoja anatazama waya. Mimi nakuomba utazame ncha zake mbili: huku kuna nini, na kule kuna nini?

Chukua huo waya wa fundi uukate, uutazame kichwani. Katikati utaona uzi mmoja mnene, umezungukwa na povu jeupe, juu ya povu karatasi ya alumini na wavu wa nyuzi nyembamba, kisha ngozi ya nje. Duara ndani ya duara, kama kitunguu. Umbo hilo limetengenezwa kwa kazi ya kubeba mawimbi ya redio kutoka antena bila kumwaga njiani na bila kuokota kelele za nje. Dishi linapokea mawimbi ya kasi mno, ya gigahezi 11 na 12 hivi, ambayo hakuna waya wa kawaida utakaoyafikisha chini yakiwa hai. Kile kichwa cha dishi kinayashusha hadi kati ya megahezi 950 na 2,150, ndipo koaksi inayateremsha sebuleni. Waya unaofaa hapo unaitwa RG6, wa omu 75. Ithaneti haiwezi kazi hiyo, hata ukinunua Cat6 ya bei gani.

Na kuna jambo jingine watu hawalioni. Waya huo huo unapandisha umeme. King'amuzi kinapeleka volti 13 au 18 hadi kichwa cha dishi, na hizo volti ndizo zinazokiambia kipokee mawimbi ya wima au ya ulalo. Sasa fikiria fundi wako amevuta koaksi vyumba sita, akaziunganisha zote kwa kile kigawanyio cha bei ndogo cha dukani. Mgeni wa chumba cha kwanza anataka chaneli inayoomba volti 13. Wa chumba cha tatu anageuza kwenye mpira, king'amuzi chake kinaomba 18. Kichwa cha dishi kinamtii mwenye 18, na kioo cha chumba cha kwanza kinabaki kinaandika hakuna mawimbi. Watakuita saa nne za usiku, nawe utadhani dishi limesogezwa na upepo wa kusi. Kwa setilaiti ya vyumba vingi unahitaji swichi yake maalumu, ile mafundi wanayoiita maltiswichi, na kila king'amuzi kiwe na waya wake kutoka hapo. Chumba kimoja, waya mmoja, king'amuzi kimoja, na malipo ya kila mwezi juu yake.

Antena ya kawaida ya chaneli za bure haina ugomvi huo. Tangu Kenya izime mitambo ya analojia mwaka 2015, chaneli hizo zinakuja kwa mfumo wa dijitali, na unaweza kuzigawa kwa kigawanyio. Lakini kugawa ni kugawa. Kigawanyio cha njia mbili kinaacha chini ya nusu ya nguvu kila upande, na cha njia nane chini ya thumuni. Mawimbi yakiwa dhaifu tangu paani, chumba cha mwisho kitaona picha iliyokatika vipande vipande.

Kwa hiyo jiulize kwanza: wageni wangu watatazama TV ya namna gani? Nimefunga nyaya kwenye nyumba za wageni Lamu na huku kwetu Malindi miaka mingi sasa, na nikupe ninavyoona mimi: mgeni anayelala Mkomani hakuja kwa ajili ya chaneli hamsini. Anataka feni, chandarua, na intaneti isiyokatika anapozungumza na watoto wake nyumbani. Ningekuwa wewe, king'amuzi cha setilaiti ningekiweka sebule ya pamoja tu, ambako watu hukaa usiku wa mechi. Vyumbani ningeweka, ikibidi, TV ya kisasa inayochota kila kitu kwenye intaneti, na hiyo inataka ithaneti.

Tuje basi kwenye ithaneti. Kwa kweli ithaneti si waya. Ni lugha, ni utaratibu wa mashine kuzungumza zikiwa kwenye mtandao mmoja. Ilianzia Marekani mwaka 1973, katika kituo cha utafiti cha Xerox, kwa akina Robert Metcalfe na David Boggs, na huwezi kuamini ilianza kupita kwenye waya gani. Koaksi! Waya mmoja mnene ulizunguka jengo zima, na kila kompyuta ikajishikiza humo. Baadaye ukaja mwembamba zaidi, na ubaya wake ulikuwa kwamba mtu mmoja akichomoa kiungio chake ili asogeze meza, ofisi nzima inakatika. Mwaka 1990 ndipo ulipokubaliwa rasmi utaratibu wa nyaya zilizosokotwa, kila mashine na waya wake hadi kwenye swichi, kisanduku cha kuziunganisha, na tangu hapo koaksi ikaondoka ofisini. Kwa hiyo binamu akikwambia koaksi imepitwa na wakati, hana makosa kwa upande wa kompyuta. Ni dishi tu ambalo halijamsikia.

Ukichuna ngozi ya Cat6 utakuta nyuzi nane, zimesokotwa mbili mbili kama kamba ya usumba. Msokoto huo si pambo. Ujumbe unapita kwenye uzi mmoja, na kinyume chake kinapita kwenye mwenzake. Kelele ya mota ya pampu ikiuvamia waya, inazipiga nyuzi zote mbili sawasawa, na mashine iliyo mwisho wa waya, kwa kuwa inasoma tofauti tu iliyo baina yao, haioni kelele yoyote. Kila jozi ina msokoto wake, mwingine wa karibu karibu, mwingine wa mbali kidogo, ili jozi zisisikilizane. Ndiyo maana fundi akifunga tundu la ukutani akafumua nyuzi urefu wa kidole ili apate nafasi ya kufanyia kazi, ameiharibu. Kufumua kusizidi milimita 13. Mwambie hivyo, kisha kaa karibu utazame la kwanza anavyolifunga. Rangi azipange hivi kila upande, bila kubuni: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Nimeshaona fundi aliyezipanga “kwa uzuri”, jozi kwa jozi kama shanga. Testa iliwaka taa zote nane kwa mpangilio, na intaneti ikawa inatambaa, kwa sababu ujumbe ulikuwa umepanda kwenye nyuzi mbili zisizo za jozi moja.

Kwa umbali huna wasiwasi. Cat5e, iliyoitangulia Cat6, inabeba gigabiti moja kwa sekunde hadi mita 100, na Cat6 pia, tena Cat6 inaweza kubeba gigabiti 10 kwenye njia fupi, hadi mita 55 hivi. Nyumba yako haifiki hata nusu ya hapo toka paani hadi dakani, kwenye baraza ya mlangoni. Kwa nini basi nisikwambie Cat5e, iliyo rahisi? Ingekuwa nyumba ya matofali ya Mpeketoni ningekwambia. Kwenye ukuta wa bibi yako hutachimba tena, ndiyo sababu.

Sasa huo ukuta wenyewe, maana ndio unaoamua mengi. Watu wananiuliza, si niweke ruta moja yenye nguvu, waifai ienee nyumba nzima? Nyumba za Amu, yaani Lamu, zilijengwa kwa boriti za mikoko, na boriti haikupi upana zaidi ya karibu mita tatu. Ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba, vimepangana kimoja nyuma ya kingine: kutoka kiwanda unaingia msana wa kwanza, ndio ukumbi mrefu, nyuma yake msana wa pili, nyuma yake chumba kiitwacho ndani. Kati ya kimoja na kingine kuna ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa wa karibu nusu mita. Waifai ikitoka daka kwenda ndani inavuka kuta tatu nne za namna hiyo. Ile ya gigahezi 5, iliyo ya kasi, hufia kwenye ukuta wa pili, na ya 2.4 inafika ikiwa hoi. Ukipima kwa simu utaona mistari mitatu kiwandani, mmoja msanani, na ndani hamna kitu. Mzee mmoja aliniambia kuta hizo zilijengwa kuficha siri za nyumba. Nikamwambia siri ya leo ni nywila ya waifai, nayo imefichika kweli kweli.

Dawa yake ni kutoa waifai karibu na mtu alipo. Weka kituo kidogo cha waifai kwenye kila ghorofa, juu karibu na dari, na kila kituo kifikiwe na waya wa ithaneti. Hapo ndipo Cat6 inapoishinda koaksi waziwazi, kwa kuwa inabeba na umeme wa kituo hicho. Utaratibu huo unaitwa PoE. Swichi yenye uwezo huo inapeleka hadi wati 15.4 kwenye tundu moja kwa ule utaratibu wa kwanza wa mwaka 2003, na wati 30 kwa ule wa 2009. Kituo cha waifai au kamera ya mlangoni kinatosheka. Huhitaji soketi ya umeme darini wala kuchimba njia nyingine.

Lakini umeme huo ndio unaoumbua waya bandia, na hapa nikusimulie kosa langu mwenyewe. Miaka michache nyuma nilifunga kamera mbili kwenye nyumba moja ya ufukweni. Boksi la waya nililinunua mahali fulani kwa bei iliyonifurahisha. Mchana kamera zilikuwa safi kabisa. Magharibi ikiingia, zinazima, zinawaka, zinazima. Nilibadilisha swichi, nikabadilisha kamera, nikamlaumu mwenye nyumba kwamba umeme wake mbovu. Siku ya tatu, nimechoka, nikachukua kisu nikaukwangua uzi mmoja. Rangi ya shaba ikatoka kama rangi ya kucha, chini yake ukang'aa weupe. Ulikuwa alumini uliopakwa shaba. Ukinzani wake unazidi wa shaba kwa zaidi ya nusu, na usiku kamera inapowasha taa zake za kuonea gizani inahitaji umeme zaidi, volti zinaporomoka njiani, kamera inazimia. Ikizima taa zimezimika pia, mzigo umepungua, inaamka. Usiku kucha. Niling'oa nyaya zote kwa gharama yangu.

Kwa hiyo ukinunua, usisome boksi, kwangua. Uzi wa shaba halisi ni mwekundu hadi ndani. Ukiukunja na kuukunjua mara kadhaa unakubali, ule wa alumini unakatika upesi. Tena nyanyua boksi. Boksi kamili la mita 305 la shaba ni zito, hamali atalihisi mgongoni, na la alumini linamshangaza mtu kwa wepesi. Muuzaji akikukatalia kukwangua, nenda duka la pili.

Hesabu yako, kwa kukisia: vyumba sita, nyaya mbili kila kimoja, wastani wa mita 15, hiyo ni mita 180. Vituo vitatu vya waifai kwa mita 12, ni 36. Kamera mbili kwa mita 20, ni 40. Jumla mita 256. Boksi moja linatosha, na kama mita 49 zinabaki za kupotea kwenye kona na kwenye makosa. Utauliza kwa nini nyaya mbili chumbani wakati TV ni moja. Kwa sababu moja itakatwa na msumari wa mtu anayetundika picha. Kazi ya kuvuta mbili ni ile ile ya kuvuta moja.

Kuhusu vile vidude alivyokutajia mgeni, vipo na si uongo. Vinaitwa MoCA, na toleo la 2.5 linafika gigabiti 2.5 kwenye koaksi. Kwa mtu aliyehamia nyumba iliyokwisha zibwa yenye koaksi kila chumba, ni neema. Kwako sivyo. Kila chumba kitahitaji kidude chake chenye umeme wake, ukuta wako bado uko wazi, na tena vidude hivyo kwa kawaida vinatumia megahezi 1,125 hadi 1,675. Rudi nyuma uone waya wa dishi unatumia megahezi zipi. Vikikutana kwenye waya mmoja vinakanyagana. Fundi wako anaposema TV na intaneti zipite humo humo, hilo ndilo hajalijua.

Intaneti yenyewe ikuje kwa njia yoyote, ya laini ya simu, ya faiba, au ya Starlink iliyoanza kuuzwa Kenya mwaka 2023, haibadilishi mpango huu. Mwisho wa yote ni ruta, na kutoka ruta unaingia kwenye swichi kwa waya wa ithaneti. Kwa Starlink zingatia kwamba dishi lake linakuja na waya wake wenyewe, unaobeba umeme na data pamoja. Si koaksi. Usimruhusu mtu kuukata ili aupitishe kwenye tundu dogo. Atoboe tundu kubwa.

Mahali pa kukusanyia nyaya pasiwe paani, penye jua na chumvi, wala chini penye unyevu wa kisima na birika. Ghorofa ya kati, kwenye kikabati chini ya ngazi au kando ya ngazi, penye hewa kidogo. Kutoka hapo utapanda na kushuka kwa pembe ya kiwanda, kila msana ukichukua zake. Kiwanda kina jua la moja kwa moja, na ngozi ya waya wa ndani huwa inakakamaa na kupasuka kwa jua la kwetu, basi hapo paipu haikwepeki, au utumie waya wa nje wenye ngozi nyeusi.

Paipu ya milimita 20 inachukua Cat6 mbili kwa raha, ya tatu kwa kubanana. Ya milimita 25 inachukua nne. Njia kuu weka 25 au zaidi, na ndani ya kila paipu acha kamba ya nailoni imelala, imefungwa ncha zote mbili, ili mwakani ukitaka waya mwingine unauvuta kwa kamba hiyo. Kona zisiwe kali. Cat6 haitaki kukunjwa kwenye duara lenye nusu kipenyo pungufu ya mara nne ya unene wake, na ukiivuta kwa nguvu za kupandisha ng'alawa msokoto unanyooka ndani kwa ndani bila wewe kuona. Na isilale kwenye paipu moja na waya wa umeme wa volti 240. Ziachane angalau shubiri moja zinapokwenda sambamba, na zikikutana zikatane msalaba.

Kuna sehemu za nyumba hiyo ambazo sitaki fundi aziguse kabisa. Kama ndani kuna zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na nakshi za chokaa, waya upite juu ya boriti au nyuma ya kabati, hata kama njia itakuwa ndefu. Mji wa kale wa Lamu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na ni vyema ukaongee na watu wa Makumbusho kabla hujaongeza mfereji mwingine ukutani. Watakwambia na hili ambalo mafundi wengi wa umeme hawalijali: mifereji izibwe kwa chokaa, si kwa saruji. Ukuta wa chokaa hupumua. Ukiuziba kwa saruji, unyevu unakwama nyuma yake, lipu inavimba, na tundu lako la ithaneti linakaa kwenye kiraka kibichi mwaka mzima.

Chumvi sasa. Waya wa RG6 wa rahisi una moyo wa chuma uliopakwa shaba. Kwa mawimbi si neno, maana hayo husafiri kwenye ngozi ya uzi, juu juu. Lakini zile volti za kupanda kwenye dishi hupita uzi mzima, na chuma huzipunguza. Tena pale kwenye kiungio, uzi ulipokatwa, chuma kinakutana na hewa ya bahari. Nimefungua viungio Shela vilivyokaa msimu mmoja wa kaskazi na mmoja wa kusi: ndani unga wa kijani, na katikati, badala ya uzi, kidonda cha kutu. Kwa paani nunua RG6 yenye moyo wa shaba tupu. Kiungio kiwe cha kubanwa kwa koleo lake, si kile cha kuzungusha kwa mkono. Kikishafungwa, kizungushie tepu ya mpira inayojishika yenyewe. Usikipake silikoni inayonuka siki, ile ya vioo vya samaki, kwa kuwa asidi yake inaila shaba. Na kabla waya haujaingia ukutani uache ushuke kidogo chini ya tundu kisha upande, kama tumbo la kamba ya kuanikia nguo. Maji ya mvua yatadondokea hapo badala ya kufuata waya hadi ndani. Koaksi ikipasuka ngozi hunyonya maji kwenye ule wavu wake, na yanateremka taratibu ghorofa tatu hadi kwenye king'amuzi. Nimewahi kukiinua kimoja, kikanimwagikia mapajani.

Wikio. Kwa umbali, Cat6 inafika kwa mjomba bila shida, hata mita 30 huzimalizi. Shida ni kwamba nyumba mbili zina umeme wa mita mbili na nguzo mbili za kuzamisha umeme ardhini, na radi ikipiga karibu, ardhi ya kwako na ardhi ya kwake zinaachana kwa volti nyingi kwa kitambo kidogo sana. Waya wa shaba uliowaunganisha ndio utakaokuwa daraja, na swichi mbili ndizo zitakazolipa. Hapo vusha faiba, waya wa kioo. Kioo hakipitishi umeme. Waya wa faiba uliokwisha fungwa viungio huko ulikotengenezwa na vigeuzi viwili vidogo, kimoja kila upande, vinatosha, na hata paipu ya milimita 20 itakuwa kubwa. Ni mahali pamoja tu katika kazi hii ambapo sitaki ithaneti ya shaba wala koaksi.

Dishi na antena navyo viwe na waya wa kuzamisha umeme ardhini. Hilo fundi wako wa umeme analijua kuliko mimi.

Kabla mwashi hajaleta chokaa, kila waya uandikwe namba ncha zote mbili kwa kalamu isiyofutika, upimwe kwa testa, kisha upige picha kila ukuta ukiwa wazi, na futi imeegemezwa ukutani ili baadaye ujue paipu iko sentimita ngapi kutoka kizingiti. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwako wewe ni kinyume: ukiziba kabla ya kupima, utabomoa ukuta.

Basi fundi mwambie hivi. Lile roli lake alisogezee sumaku kwenye uzi wa katikati. Sumaku ikinasa, lina moyo wa chuma, na paani haliendi. Isiponasa, aukwangue uzi kwa kisu kama nilivyosema, na ukiwa mwekundu hadi ndani, ngozi haijapasuka na povu halijaingia maji, akate vipande viwili virefu kutoka paani hadi kikabatini na kimoja kutoka kikabatini hadi sebuleni, umlipe kwa mita. Kinachobaki akirudishe kwake.